Mzee Aliyepiga Hodi ya Nne

Wiki iliyopita tulimzika mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenyeji wa Rungwe, kwenye milima ya volkano, aliyeletwa Bagamoyo na kazi, akaipenda, asiondoke tena. Huenda ulimwona bila kumjua: mzee wa kofia ya ukili, suruali kaikunja hadi magotini, akifuata njia ya pwani kuelekea Mbegani maji yakipwa. Nilitembea naye Jumamosi nyingi, na nilizifurahia zote. Njia ile hupita katikati ya miamba ya matumbawe iliyoliwa na mawimbi kwa chini ikabaki kama uyoga, mingine imetoboka hata unaiona bahari upande wa pili. "Kwetu jiwe lenye matundu limetapikwa na mlima," alipenda kunitania. "Hili lenu limejengwa na vidudu. Sasa nani ana mafundi?"

Kisha tajiri mmoja akajenga ukuta hadi miambani na kutia lango la bati. Kina mama waendao kuchokoa pweza wakawa hawana njia ila kuzunguka kwenye tope la mikoko, na wakifika maji yameshaanza kujaa. Sisi watu wa pwani tulikwenda kiungwana. Tukapiga hodi tatu, kimya, tukarudi zetu, maana ndivyo tulivyolelewa: hodi tatu zisipoitikiwa, mwenye nyumba hakutaki. Mlinzi alikuwamo ndani na alitusikia vizuri. Naye kalelewa kama sisi, alijua tutaondoka.

Jumamosi iliyofuata mwalimu akapiga hodi ya nne. Nikamvuta shati. "Mwalimu, tatu zatosha, twende zetu." Akanitazama kwa mshangao. "Kwetu tunaita mpaka mtu aitike. Je, kama anaumwa humo ndani?" Akaendelea, kwa sauti ileile ya darasani, nami nikatazama pembeni kwa aibu. Mwishowe lango likafunguliwa na tajiri mwenyewe, kikoi kiunoni. "Shikamoo, mzee. Kuna msiba?" "Marahaba. Hakuna msiba, mwanangu. Kina mama wanaomba njia." Ikawa hivyo tu. Tajiri alisema anaogopa wezi, wakazungumza, na tangu siku hiyo lango huachwa wazi maji yakipwa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Pwani yetu inajaa kuta, nasi tunalalamika barazani kwa sauti ya chini. Sisemi tuache adabu. Ila kuomba kuingia nyumbani kwa mtu ni jambo moja, na kudai njia aliyopita bibi yako ni jingine, nasi tuliyachanganya.

Mazikoni tajiri alikuja, akasimama kando yangu. Akaninong'oneza kwamba, kwa kuwa mwalimu hayupo, anafikiria kulifunga lango. Nikamwomba aliache wazi. Akageukia kaburi. Nikamwomba tena, akatazama chini. Nikarudia, na nikarudia, mpaka akaitika.