Siku Babu Aliposimama na Bibi Akaketi

Harufu ya ndizi zilizovundikwa shimoni hunirudisha Kirushya, kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Ulikuwa msimu wa rubisi, pombe ya ndizi, na harusi, na harusi haikukamilika mpaka babu asimame na mkuki kutoa majigambo. Alijitaja kwa jina lake la ushujaa, akaeleza alivyomkabili chui, na kila alipovuta pumzi sote tuliitikia "Eee!", maana kumwacha shujaa bila kiitikio ni kumtukana. Mimi msichana sikuruhusiwa kuyatoa, lakini niliyajua yote kwa moyo, na nilimwonea babu fahari kupita kiasi. Debe tupu hakuwa. Makovu ya chui yalikuwa begani kwake, tuliyagusa. Bibi, kwa upande wake, aliogopa radi, akaogopa nyoka, na kila Jumapili alikwenda kanisani na rozari yake.

Kiangazi hicho watoto wawili walikufa kwa homa, na watu wakaanza kunong'ona jina la Anastazia, mjane jirani yetu, eti ni mchawi, kwa sababu tu macho yake yalikuwa mekundu. Ni moshi wa kuni ulioyafanya hivyo, kama ya bibi na ya kila mpishi kijijini, lakini nani alitaka kusikia? Asubuhi moja wanaume wakaenda kwake na fimbo na mawe. Babu akawahi na mkuki wake, akasimama kati yao na mlango, akaanza majigambo ili wamwogope warudi. Nia yake ilikuwa njema, naapa. Ila alisahau kwamba majigambo huitikiwa. Alipovuta pumzi, umati ukajibu "Eee!" Akaendelea, kwa kuwa kuyakatiza katikati ni aibu. Kila ubeti uliwapandisha mori, wakasogea hatua moja zaidi, mpaka babu akawa kama anayewaongoza vitani. Penye wazee hapaharibiki neno, husema wahenga. Pale mzee alikuwepo, na neno likaharibika.

Ndipo bibi akapita katikati yao, akaketi kizingitini kando ya Anastazia aliyekuwa amejikunyata hapo, akamshika mkono.

"Leo hakuna aliyenipa shikamoo," alisema. "Haya, mkimtaka huyu, anzeni na mimi."

Jiwe moja likampata jichoni. Damu ilipotoka, babu aliangusha mkuki, na watu wakatawanyika mmoja mmoja bila kutazamana. Wiki hiyo Anastazia alihamia kwa ndugu yake, kijiji cha Mugoma, akiwa hai.

Jicho la bibi halikupona, na babu hakutoa majigambo tena mpaka tunamzika. Nilipomuuliza bibi kama hakuogopa, alicheka kidogo. "Niliogopa mpaka nikajikojolea, mjukuu wangu. Hata Bwana Yesu aliogopa pale bustanini, na hakukimbia." Katika majigambo yote ya babu, hapakuwa na ubeti wa mtu aliyeogopa. Sikuthubutu kumwambia bibi kwamba asubuhi ile nami niliitikia, kwa sauti yangu yote, na kwamba ilikuwa tamu.

Sasa nina mgahawa hapa Lusahunga, nawauzia madereva wa malori chai na wali. Tangu mwezi jana wateja wananong'ona jina la bibi mmoja anayeishi peke yake nyuma ya soko. Namwombea kila siku. Kwake ni mwendo wa dakika tano, na bado sijaenda kuketi naye.