Udongo wa Tunduru Chini ya Hadubini

Likizo yangu ya mwisho chuoni nilirudi nyumbani Ruhuwiko, pale Songea, na hadubini ya kuazima, pamoja na vichupa vya tope lililochotwa chini ya bahari. Umeme ulikuwa wa mgawo, kwa hiyo nilifanyia kazi dirishani, kwenye mwanga wa jua. Nilikuwa nachambua magamba ya viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi. Waliishi juu ya maji, wakafa, wakazama. Wamo ambao gamba lao hujisokota kushoto maji yakiwa baridi, na kulia yakiwa na joto. Ukiweza kuwasoma, unajua bahari ilikuwaje kabla hajazaliwa mtu.

Mama hakuwahi kuiona bahari. Alichungulia kwenye hadubini.

"Kwa hiyo hawa walikufa zamani," alisema, "na bado wanakwambia maji yalikuwaje."

"Ndiyo, mama."

Aliingia chumbani akatoka na kipande cha kanga kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu. Kaka yangu alikuwa ameenda Tunduru kuchimba vito, kama vijana wengi tangu biashara ile ilipofunguliwa. Shimo likamfukia. Wenzake walichimba mpaka wakakata tamaa, na sisi tukamfanyia misa bila jeneza. Sikujua kwamba mama alipanda basi peke yake kwenda kuchota udongo wa shimo lile.

"Nitazamie," alisema.

Nilitaka kumweleza kwamba haiwezekani. Lakini alishanisogezea kile kipande cha kanga. Nilitandaza udongo na kuutazama wote, mpaka jua likahama dirishani. Chenga za mawe, vipande vya mizizi. Nikagundua nilikuwa nimebana pumzi, maana na mimi nilikuwa namtafuta.

"Simwoni, mama."

Uso wake ukakunjuka. "Basi hayumo mle."

Ule utulivu wake uliniogopesha. Nilimwambia hadubini haisemi hivyo, hakunisikia. Tangu siku hiyo akawa anakwenda stendi kusubiri mabasi ya Tunduru, akiwakagua wachimbaji walioshuka na vumbi hadi kwenye kope. Baba alimkataza, mwishowe akachoka.

Mama naye ameshafariki. Nikiwa stendi ya Songea, basi la Tunduru likiingia, miguu yangu husimama yenyewe. Nawatazama wanaoshuka, hadi wa mwisho.