Aliyemwosha Mke wa Hafidhi

Pale Ndagoni akifariki mwanamke, wa kwanza kuitwa ni Biubwa. Ana mikono miepesi na mdomo mzito, na mwosha maiti hatakiwi zaidi ya hayo. Mama yake aliyemrithisha kazi alimpa sharti moja: utakachokiona mwilini mwa maiti, usikitoe nje ya pazia. Liwe kovu, liwe donda, unalisitiri. Biubwa alilishika sharti hilo tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumsikia akiropoka.

Mwaka jana akafa mke wa Hafidhi. Watu wakaambiwa aliteleza kwenye miamba akitoka kuvuna mwani baharini. Haya. Biubwa akaingia ndani ya pazia, akamwaga maji, mkono wake ukapita ubavuni mwa maiti na kuzama mahali pasipostahili kuzama. Usoni mwa yule mwanamke hapakuwa na hata mkwaruzo. Lakini mgongoni zilikuwepo alama mpya nyeusi juu ya za zamani zilizogeuka manjano, na mkono mmoja uliwahi kuvunjika ukaunga upande. Mwamba gani huo, jamani, unaojua kupiga panapofunikwa na gauni tu? Biubwa akamvisha sanda, akanyamaza, akaenda kwake.

Tangu siku ile hana raha. Akikanda unga, vidole vinaukuta ule ubavu. Akimwogesha mjukuu, humgeuza mgongo kumkagua mpaka mtoto alalamike maji yanapoa. Mchana kweupe, akisuka ukili wa mkeka barazani, husikia maji yakimwagwa nyuma ya nyumba. Akienda, hakuna mtu. Alimwogopa Mungu kusema, na alimwogopa Mungu kunyamaza.

Ndipo Hafidhi akaleta posa kwa Faraja, binti wa Iddi, kaka yake Biubwa. Mshenga alimsifia huyo Hafidhi wake mpaka basi: mpole, ana boti ya mashine, sala haimpiti. Nyumba nzima ikaridhika. Ikabaki ruhusa ya shangazi, maana kwao binti haozwi shangazi hajaulizwa. Biubwa akaitwa, akakaa mkekani, akawa anaitazama mikono yake. Faraja alikuwa anachungulia mlangoni huku anatabasamu. Biubwa akaona wazi kwamba akinyamaza leo, huyu naye siku moja atalazwa mbele yake, na yeye ndiye atakayemwagia maji.

"Kamwambie Hafidhi," alimwambia mshenga, "mkewe nilimwosha mimi. Na huyu sitaki kuja kumwosha."

Mshenga akaanza kuitafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Iddi akasimama akitweta kwa hasira, akaapa kwamba mwanawe hatapigwa na mwanaume yeyote maadamu yeye yu hai, na posa imekwisha. Biubwa, wala nisikufiche, alilia mbele ya watu. Sharti la mama yake alikuwa amelivunja, lakini angalau kaka yake alikuwa upande wake.

Alipoaga, mke wa Iddi alimsindikiza mpaka njiani. Mwanamke huyu si msemaji. Waliongozana, na Biubwa alidhani mwenzake anatafuta namna ya kumshukuru. Walipofika penye mnazi wa mwisho akasimama, akamshika kiwiko.

"Wifi," alisema polepole, "siku nikifa mimi, utayasema na yangu?"

Biubwa akamtazama. Lilikuwa jua la kuchoma, na wifi yake alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni. Hakumbuki kama aliwahi kumwona na jingine. Miaka yote hiyo wamekula sahani moja, wameozesha na kuzika pamoja, na yeye hakuona kitu, maana alizoea kuwatazama waliokufa.

Iddi akaita jina la mkewe kutoka uani, mara moja, wala hakupaza sauti. Wifi akaachia kiwiko, akarudi mbio na kanga ikimdondoka begani.

Biubwa akaiokota ile kanga, akamfuata.