Jina Chini Kulia

Ukinunua unga mtaani kwetu, au ukipeleka kiatu kwa fundi, utalisoma jina lake utake usitake. BINGWA! Mchoraji mabango, na jina alijipa mwenyewe. Duka liitwe litakavyoitwa, chini kulia lazima aweke hilo BINGWA jekundu na namba ya simu, na kila mwaka lilizidi kunenepa. Kwa kinyozi lilikuwa kubwa hivi kwamba wateja wapya walimwita kinyozi "Bingwa", naye akachoka kukanusha, akawa anaitika tu.

Watu walimsema kwa majivuno yake. Haya, lakini msimcheke sana. Alizaliwa wa tano kati ya tisa. Mama yake akimtaka, alianza kuita majina ya wakubwa, akateremka kwa wadogo, mwisho akakata tamaa: "Hebu wewe hapo, njoo!" Mtoto akaenda, roho inamuuma.

Mama alipofariki, wakamwachia yeye kuandika jiwe la kaburi. Dada yake mkubwa, mshonaji asiyejua utani, alimwomba jambo moja tu.

"Mdogo wangu, hili liwe la mama peke yake."

Akaapa. Na jina la mama aliliandika vizuri, jamani, mpaka machozi yakamtoka. Kisha mkono, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukashuka chini kulia.

Siku ya kulizuru kaburi, wote wakaliona. Jekundu, na namba ya simu.

"Tukipiga, atapokea marehemu?" akauliza mjomba.

Dada hakucheka. "Hata kwa mama? Futa, au usinijue tena."

"Haki ya Mungu, dada, mkono umekwenda wenyewe!"

Hakuna aliyemwamini. Mimi namwamini. Wengine wakaondoka wakisonya, dada akabaki kusimamia. Bingwa akapiga magoti na rangi nyeupe, akafuta namba, akafuta herufi moja moja. Alipofika ya mwisho akasimamisha brashi.

"Hakuwahi kuniita jina langu, dada. Kila mara alipitia yenu, langu asilifikie."

Dada alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Akayameza. Akaketi kwenye majani kando yake, na gauni lake jeusi, akamwita jina lake la kuzaliwa, mara moja, bila kukosea.

"Naam," akaitika, na herufi ya mwisho akaifuta.