Shemeji Alimchelewesha Mume Wangu, Jana Kikombe Kilimponyoka

Jina langu lifichwe, mtaa nitautaja. Nina miaka 43, naishi Kimandolu, nina mume na watoto watatu. Tangu niko sekondari naandika daftari kila siku, tarehe na saa, kwa hiyo ninayosema hapa sikisii.

Miezi minne iliyopita, Jumanne saa moja na nusu asubuhi, mume wangu alikuwa anakunywa chai, ikawa inamwagikia pembeni mwa mdomo. Uso ulikuwa umeshuka upande wa kulia. Nikamwambia anyanyue mikono, wa kulia ukaanguka. Nikamuuliza jina la mtoto wetu wa mwisho, akajibu kama mlevi. Kazini tulifundishwa huduma ya kwanza, nikajua ni kiharusi. Nikaandika saa.

Gari ni la kaka yake mkubwa, tumepakana uzio. Nikamwomba atupeleke.

"Kwetu mgonjwa hatolewi nyumbani wakubwa hawajamwona. Tulia."

"Shemeji, hiki kitu hakisubiri wakubwa."

Akacheka. "Daktari wa fomu foo. Mumeo amepigwa upepo, na tunajua umetoka kwa nani."

Nikaita bajaji, akaifukuza getini. Akamnywesha mume wangu maziwa yenye samli huku nasema asipewe kitu mdomoni, akapaliwa mpaka machozi. Wakubwa walishuka saa sita kutoka mlimani, kwenye boma la ukoo, wakamwangalia, wakakubali shemeji atupeleke. Tulifika hospitali saa sita na nusu.

Daktari akauliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Shemeji akawahi: "Hata saa moja haijapita."

Nikafungua daftari nikasoma saa ya kweli. Daktari akamtazama shemeji, akasema, "Mzee, kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Asubuhi ningeifikiria. Saa hizi inaweza kumvujisha damu kichwani. Ulitaka nimuue?"

Mpaka leo mume wangu hasemi. Na kwa wakubwa wa ukoo mwenye kosa ni mimi, eti nimemvua nguo shemeji mbele ya watu. Kesho Jumamosi kuna kikao. Wanataka niombe msamaha, niseme niliandika saa vibaya. Nikikataa wanamhamishia mlimani, na mazoezi yake ya viungo yanaishia hapo. Siombi. Yule mtu namchukia, na sioni aibu kuliandika.

Sasa sikieni. Jana shemeji alikuja kunikumbusha kikao. Nilimpa chai kwa sababu mama mkwe alikuwepo. Saa kumi na dakika ishirini kikombe kikamponyoka. Mkono wa kulia ukalegea, akataka kunitukana, ulimi ukagoma. Dakika kumi baadaye akarudi sawa. "Chai yako ya moto mno," akasema, akapanda gari akaondoka.

Nimeandika yote. Ile haikuwa chai, ni onyo. Asipoonwa na daktari haraka, kiharusi kikubwa kinaweza kufuata wakati wowote. Nikimwambia, kesho kikaoni watasema nimemroga, maana ndicho wanachokitafuta, na mume wangu wanamchukua. Nikinyamaza, nitakuwa nimemfanyia alichomfanyia mdogo wake, tena mimi najua ninachofanya.

Habari za kusamehe msiniletee, sijauliza hilo. Tangu jana nimeshika simu mara tatu nikairudisha mezani, na saa zinakwenda. Nimpigie, au nimwache awasubiri wakubwa wake? Nishaurini leo, kesho ni mbali.