Pini ya Bi Raya na Gitaa Lililovuma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siisahau. Tangu uliponiambia juzi kwamba fundi wako amekubadilishia kwa siri pikapu za gitaa, na kwamba utamuumbua mbele ya watu, siku ile imenirudia. Nakuandikia, ingawa sina hakika kama nitaeleza vizuri. Shule yangu ilikuwa ndogo.

Nilikuwa napiga gitaa katika kilabu kimoja cha taarabu, mtaa wa Ng'ambo. Gitaa lilikuwa mali ya kilabu. Hamadi, mwenzangu wa kupokezana, alilichukua kwenda kupiga harusini kwao Mkokotoni. Liliporudi likawa linavuma. Ukilichomeka tu kwenye amplifaya, vuuu, kama nyuki ndani ya mtungi. Kabla halikuwa hivyo, au mie nilidhani halikuwa hivyo.

Pikapu, kama ujuavyo, ni zile sumaku zilizozungushiwa waya, zinazokaa chini ya nyuzi zikadaka sauti. Zenye koili moja, yaani mzingo mmoja wa waya, huvuma. Zenye koili mbili ubavu kwa ubavu hufutiana mvumo, zikatulia. Zetu zilikuwa pana, zimefunikwa bati lisilo tundu. Mzee Sudi, katibu wetu, akautazama upana akakata shauri: "Hizi za koili mbili, na za koili mbili hazivumi. Basi matumbo yametolewa, yametiwa mengine. Na nani alikuwa nalo?"

Wakaniuliza mie kama zimebadilishwa, kwa kuwa ndimi mpigaji. Nikasema, "Sijui." Kweli nilikuwa sijui. Lakini nikaona kila mtu kalichukua neno langu kama ndiyo. Ikaamuliwa isomwe halbadiri, ile dua ya kuapiza, Alkhamisi baada ya Alasiri, imsibu aliyeiba.

Hamadi akasema, "Someni. Mie sikuchukua kitu." Ila tangu hapo sikumwona akila.

Alkhamisi ikafika. Mkeka ushatandikwa, ubani ushatiwa chetezoni. Bi Raya, muimbaji wetu mkubwa, akaniita pembeni.

"Naam, Bi Raya."

"Wewe umesema hujui."

"Sijui kweli. Naogopa kusema nisichokijua."

"Hujui, au hujatazama? Maana naona unaogopa bisibisi kuliko halbadiri! Mwenzio anataka kusomewa, wewe umekaa na sijui yako kama umebeba yai."

Kofi lisingeniuma vile. Akachomoa pini ya mtandio wake akanipa. "Hiki chuma. Mle si mna sumaku? Haya."

Nikaipitisha pini juu ya bati. Ikanasa katikati tu, mstari mmoja chini ya nyuzi zote sita. Huku na huku pembeni ikaanguka. Koili mbili zingeishika kwa mistari miwili; basi hizi zetu ni za koili moja, za kuvuma. Nikafurahi, halafu nikaogopa tena: je, kama hizi ndizo zilizotiwa? Pini haisemi nani kaweka. Nikaomba bisibisi. Skrubu zilikuwa na kutu isiyokwaruzwa, na chini yake lehemu imefifia, vumbi limegandana na utando wa buibui. Mle hamkuguswa miaka.

"Basi mbona sasa ndiyo linavuma?" akauliza Mzee Sudi, na lilikuwa swali la haki.

Nikalichomeka, likavuma. Nikageuka nalo, mvumo ukapungua. Nikageuka tena, ukazidi. Bi Raya akatazama juu. Chumba kile hakikuwa na dirisha, tukiwasha taa hata mchana, na Hamadi alipokuwa Mkokotoni tulikuwa tumefunga mpya, zile ndefu za mrija, za tyubu.

"Hebu zimeni taa hizo!"

Zikazimwa. Gitaa likanyamaza, karibu kabisa.

Mzee Sudi, nimtendee haki, hakungoja kuombwa. Alikunja mkeka mwenyewe, akasema mbele ya wote, "Nisamehe, Hamadi. Nilidhani upana ni ushahidi."

Hamadi akakaa chini pale pale. "Nshakusamehe, mzee wangu. Lakini jana nilianza kujiuliza, isije ikawa kweli nimeiba nikasahau."

Neno hilo linaninyima raha mpaka leo.

Basi mwanangu, kabla hujamtaja fundi wako, usiihukumu pikapu kwa kifuniko chake. Pitisha pini uhesabu mistari. Lichomeke gitaa, uigongegonge pikapu kwa ncha ya bisibisi, taratibu, usikie wapi panajibu kwa nguvu, ndipo penye koili. Geuka nalo karibu na taa usikilize mvumo. Ziko nyembamba zenye koili mbili zilizopandana, hizo hata pini zitaidanganya. Hapo fungua uitazame lehemu, kama ni kuukuu au ya juzi. Ukimaliza yote na bado hujui, sema hujui, na useme pia umetazama mpaka wapi. Huenda kakuibia kweli, simjui, simtetei. Nakuomba tu umpe muda wa pini moja.

Mola akupe sikio tulivu na ulimi usio na haraka. Na siku utakayoshukiwa wewe, akujaalie mtu atakayechomoa pini yake kabla mkeka haujakaliwa. Amin.