Mjerumani Aliyekunywa Mawese

Injini ya dizeli ikinywa mawese hutoa moshi wenye harufu ya ndizi zinazokaangwa. Naijua harufu hiyo kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi, msimu mmoja wa mvua, mazutu, yaani mafuta ya dizeli, yaliadimika mjini kwetu Rumonge hadi kuku wakaanza kutagia ndani ya magari, na gari letu peke yake ndilo lililopita mtaani likiacha harufu ya chakula. Watoto walilifuata nyuma huku mate yakiwatoka. Mawese hayajawahi kutupungukia. Michikichi imeshika milima yote iliyo nyuma ya mji, na upepo ukitoka ziwani, harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa hukutana na ya mawese yanayochemka. Kilichokosekana mwaka ule kilikuwa mazutu tu.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, Kivu ya Kusini, na alikuwa na teksi moja kuukuu ya Kijerumani. Bodi yake ilikuwa imeoza, na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Lakini chini ya boneti palikuwa na dizeli ya silinda tano, moteri kama baba alivyoiita, ambayo aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Alinifundisha kuisikiliza: unaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini unaubana sikioni, na kila silinda inakueleza habari zake. Jioni jirani yetu, Mwalimu Gaspard, alikuja kubishana naye. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka ukimbizini Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, na yeye alikuwa upande wa Mjapani: silinda sita kwenye mstari mmoja, mashine ya kuvuka jangwa bila kufunguliwa hata parafujo. Baba alikiri kwamba Mjapani ni mtumishi mwema. Ila Mjerumani wake, alisema, akishawaka unaweza kung'oa betri ukaitupa ziwani, naye ataendelea kunguruma mpaka umkatie mafuta, na pampu yake itasukuma chochote kinachoungua. Wakati huo sikujua kwamba duniani kote wapo watu wanaozihusudu injini kwa sababu kama hizo. Nilidhani ni ugonjwa wa mtaa wetu.

Mama hakuupata ugonjwa huo. Yeye aliuza mawese, na aliiona teksi isiyotembea kuwa inakalia uwanja aliotaka kupangia mapipa. Mzee mmoja wa Gatete, mwenye kinu cha kukamulia mawese, alikuwa tayari kuinunua injini ile ili aifunge kwenye kinu chake. Basi mama akatoa sharti. Jumamosi gari liende Bujumbura na mawese yake na kurudi, na Jumatatu asubuhi, mzee akija, liwake mbele yake bila kusukumwa. Likishindwa, injini inakwenda Gatete. Baba alikubali. Mimi nililia, kwa sababu nilikuwa nikiipenda injini ile jinsi wenzangu walivyopenda watoto wa mbuzi.

Penye nia pana njia. Baba alichemsha mawese, akayachuja kwa kitenge kikuukuu, akazungusha bomba la shaba kwenye bomba la moshi ili mafuta yafike kwenye pampu yakiwa ya moto. Mawese yakipoa huganda, na hilo kila mtu mwenye jiko analijua. Kwa hiyo mbele ya kiti nilichokalia, karibu na miguu yangu, aliweka kidumu chenye mazutu ya mwisho mwisho, na juu yake robine ndogo ya kugeuza kutoka mafuta haya kwenda yale. Kuwasha tulitumia mazutu. Injini ikishapata moto, ningegeuzia mawese, na tukikaribia kufika ningerudisha mazutu ili yasafishe mabomba kabla ya kuzima. Kazi hiyo ilikuwa yangu peke yangu, na mama hakuambiwa kwamba mtoto ndiye aliyepewa.

Tulikwenda vizuri. Minago watu walisimama barabarani kutushangaa. Gitaza akina mama waliokuwa wakigeuza ndagala walitupigia vigelegele, na kwenye kizuizi askari mmoja alinusa hewa, akainama dirishani, akauliza kwa upole tunapika nini. Tulishusha mzigo Bujumbura, tukageuka. Habari ilikuwa imetutangulia, na tulipoingia Rumonge watu walikuwa wamejipanga tangu sokoni, Mwalimu Gaspard mwenyewe akiwa mbele anapiga makofi. Nilitoa nusu ya mwili nje ya dirisha nikipunga mikono. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Baba alizima injini uwanjani kwetu, na robine ilikuwa bado upande wa mawese.

Nilikumbuka Jumapili, kanisani, katikati ya wimbo. Mvua ilikuwa ikinyesha na hewa imepoa. Bado kulikuwa na muda wa kumwambia baba, naye angechemsha maji akayayeyusha mafuta siku hiyo hiyo. Sikumwambia. Niliogopa, na niliendelea kuogopa mpaka jua likazama.

Jumatatu mzee wa Gatete alifika mapema. Baba aligeuza ufunguo, injini ikazunguka, haikuwaka. Alirudia mpaka betri ikachoka. Kisha akashuka, akafuata bomba kwa kidole kutoka kwenye pampu hadi kwenye robine, mkono wake ukasimama hapo. Alinitazama. Mama alimuuliza kuna nini.

"Ni mie," baba alisema. "Nilisahau robine."

Mama alimpa mzee mkono, injini ikawa imeuzwa. Saa sita mchana, baada ya sufuria tatu za maji ya moto na betri ya kuazima, injini iliwaka, safi, silinda zote tano. Hakuna kilichokuwa kimevunjika. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mama si mtu wa kurudisha neno. Injini ilikamua mawese Gatete kwa miaka mingi.

Sasa nafundisha makanika katika shule ya ufundi hapa Rumonge. Wanafunzi wangu hunionyesha kwenye simu injini za Kiitaliano za silinda kumi na mbili, zinazolia kwa sauti nyembamba ya kupendeza, na kuniuliza ipi ni bora kuliko zote. Nawaambia wazihusudu, zinastahili. Mafuta yameadimika tena, na gari langu, lenye kompyuta inayojua kila kitu, limelala foleni siku ya tatu. Ukilinywesha mawese litakufa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo wa baba bado unatembea. Mama humtania hadi leo, mbele ya wageni, kwamba fundi mzima alishindwa na robine, naye hucheka pamoja nao. Juzi nilimwambia inatosha, nitamweleza mama ukweli. Alitikisa kichwa.

"Ningesema ni weye, mama yako hangekuacha tena ushike chuma," alisema. "Moteri ziko mingi, Furaha."